Baba alikuwa anakojoa kila saa, kumbe kibofu kimejaa pomoni

Kama una mzazi wa kiume aliyevuka miaka 60 naomba usome hii mpaka mwisho hata kama ni ndefu, maana haya mambo wazee wetu hawayasemi na sisi watoto tunaona haya kuuliza, halafu siku yakilipuka unakuta nyumba nzima hakuna anayejua hata figo inaungana na nini.

Baba yangu ana miaka 74, yuko Muheza kule Tanga, mkulima wa michungwa, na maisha yake yote hakuwahi kulazwa hospitali. Mimi niko Dar. Dalili zilianza taratibu mno, anaamka usiku kukojoa mara mbili, baadae mara nne tano, mama anasema mzee halali. Akifika chooni mkojo unachelewa kuanza, anasimama weee, ukitoka unatoka mwembamba na unakatika katika, anamaliza anavaa suruali, akifika mlangoni matone yanashuka tena. Haya yote tulikuja kuyajua baadae sana. Wakati ule kilichoonekana kwa nje ni kwamba ameacha kwenda msikitini, mtu ambaye safu ya kwanza ndo mahali pake miaka yote, ghafla anaswali chumbani peke yake. Mama ndo alikuja kuninong'oneza kwamba anaogopa matone yatamtengua udhu katikati ya sala, na anaogopa watu watasikia harufu. Iliniuma sana hii, kuliko hata mambo yaliyokuja baadae.

Shekhe wa pale mtaani alipoambiwa alimfuata nyumbani akamweleza kwamba mtu mwenye maradhi ya kutokwa na mkojo asioweza kuuzuia ana ruhusa yake, anajisafisha, anajifunga kitambaa, anatia udhu wakati wa sala ukishaingia na anaswali hapo hapo, sala yake ni sahihi. Nimeliweka hili kwa makusudi kwa sababu najua kuna wazee wamejifungia ndani kwa ajili hii tu na hakuna aliyewaambia.

Sasa zahanati. Alienda, akapimwa mkojo, akaambiwa ni UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, akapewa antibayotiki. Akapata nafuu kidogo, ikarudi, akapewa nyingine kali zaidi, ikarudi, ikaitwa UTI sugu. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mwanaume wa umri ule anapata UTI mfululizo. Hili nataka mlielewe vizuri, njia ya mwisho ya kutolea mkojo kwa mwanamke ina urefu wa kama sentimita 4 tu, ndo maana bakteria wanapanda kirahisi na kina mama wengi UTI wanazijua, lakini ya mwanaume ni karibu sentimita 20, ni safari ndefu, na kila akikojoa anawasukuma nje. Kwa hiyo mzee wa kiume akipata UTI ya kujirudia rudia usiridhike na dawa, uliza mkojo unabaki kibofuni au la, maana mkojo uliotuama ndo unaofuga wadudu. Kipimo chake ni rahisi tu, mzee anakojoa anavyoweza, halafu anapigwa ultrasaundi hapo hapo kuona kimebaki kiasi gani.

Kati kati hapo akanunua na unga wa mitishamba kwa muuzaji wa stendi anayetangaza kwa spika kwamba inayeyusha tezi dume, ile tezi ya wanaume iliyo chini ya kibofu. Sitaki kubishana na mtu kuhusu mitishamba, ninachosema ni kwamba pesa iliyoenda pale ingetosha ultrasaundi na kipimo cha figo na chenji ingebaki, na miezi ile ndo figo zilikuwa zinaharibika bila kuuma.

Kilichotushtua ni kwikwi. Baba alipata kwikwi ya siku nzima, ikaendelea kesho yake, chakula hataki, kichefuchefu, miguu imevimba, mchana kutwa anasinzia, na suruali inalowa muda wote usiku na mchana. Tumbo chini ya kitovu limetuna, watu wanasema mzee amenenepa kitambi. Mdogo wangu wa kiume akampakia basi akamleta Dar.

Pale hospitali tulimkuta daktari kijana, Mungu ambariki popote alipo. Akamwamkia, "Shikamoo mzee, mkojo unatokaje?" Baba akajibu, "Marhaba mwanangu, unatoka vizuri tu, tena mwingi." Na mimi nimekaa pembeni yake. Daktari akanigeukia akaniambia kwa upole, "Dada naomba utusubiri nje kidogo, kaka abaki." Nilivyotoka ndo mzee akafunguka yote. Kwa hiyo wewe binti unayempeleka baba yako hospitali, ukifika kwenye maswali hayo toka nje mwenyewe bila kuambiwa, au nenda na mwanaume wa ukoo, baba hawezi kusema mbele yako kwamba anajikojolea, na daktari asipoambiwa atatibu kitu kingine.

Halafu akamlaza chali akaanza kugonga gonga tumbo kwa vidole kuanzia juu kushuka. Mdogo wangu anasema kwa juu mlio ulikuwa mwepesi, ule wa hewa, akifika usawa wa kitovu mlio unakufa, unakuwa mzito. Kile tulichokiita kitambi kilikuwa kibofu cha mkojo. Kimevimba kimepanda mpaka kitovuni, na hakimuumi, kwa sababu kimetanuka polepole kwa muda mrefu mpaka kimezoea.

Mimi ndo nikauliza, sasa daktari mtu anayelowa muda wote kibofu kinajaaje? Akachukua fomu akageuza nyuma akachora, na ule mchoro ninao mpaka leo. Nitaueleza kama alivyonieleza.

Juu kabisa kuna figo mbili, ziko nyuma karibu na mgongo chini ya mbavu, ya kulia imeshuka kidogo kwa sababu ini limekaa juu yake. Kila moja ina urefu wa kama sentimita 11. Damu inayopita kwenye figo zote mbili ni zaidi ya lita moja kwa dakika, karibu robo ya damu yote anayosukuma moyo, yaani vitu vidogo vile vinakula robo nzima. Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vinaitwa nefroni, karibu milioni moja kila upande. Kwa siku vinachuja kama lita 180 za maji kutoka kwenye damu, halafu karibu yote yanarudishwa mwilini pamoja na sukari na chumvi inayotakiwa, kinachobaki kuwa mkojo ni lita moja na nusu hivi, mbili, inategemea umekunywa kiasi gani na jua la siku hiyo. Figo pia ndo zinapanga presha ya damu, ndo zinatoa homoni inayouambia uboho wa ndani ya mifupa utengeneze damu, ndo maana wagonjwa wa figo wengi wanapungukiwa damu, na baba kweli damu yake ilikuwa imeshuka.

Kutoka kila figo unashuka mrija mwembamba wa sentimita 25 mpaka 30. Nilikuwa najua mkojo unadondoka tu wenyewe kwa kuwa figo iko juu, kumbe mrija una misuli yake, unakaza na kulegea kwa zamu kuusukuma mkojo chini, ndo maana hata ukilala mkojo unaendelea kwenda. Mirija yote miwili inaingia kibofuni kwa kupita kiupande upande kwenye ukuta wa kibofu, ili kibofu kikikaza matundu yale yajibane mkojo usirudi juu. Kibofu chenyewe ni mfuko wa misuli. Mtu wa kawaida anaanza kusikia haja kikiwa na mililita 150 mpaka 200, kikifika 400 au 500 anatafuta choo kwa nguvu. Kuna misuli miwili ya kufunga, mmoja uko kwenye shingo ya kibofu na unajiendesha wenyewe, wa pili uko chini zaidi, ndo ule unaouamuru ukiwa kwenye daladala na choo kiko mbali.

Na hapo hapo chini ya kibofu, kwa wanaume, ndo imekaa tezi dume, imeizunguka njia ya mkojo pande zote. Kwa kijana ina gramu 20 hivi. Umri ukienda inakua, na ikikua kwa ndani inaibana njia. Kibofu kinaanza kusukuma kwa nguvu zaidi, ukuta wake unakuwa mnene, unakuwa na hasira, ndo kule kuamka usiku. Miaka ikipita kinachoka. Kinaacha kusukuma, mkojo unabaki, unaongezeka, mpaka kinajaa kabisa na kile kinachozidi tu ndo kinachochuruzika. Daktari akasema, "Huu unaomlowesha ni wa juu juu unaomwagika, wenyewe uko ndani."

Baba alikuwa anasikiliza kitandani, akasema, "Ni mfereji. Ukiuziba kule chini shamba la juu ndo linaoza." Daktari akamwambia mzee umemaliza kila kitu. Maana presha ile ya kibofu ilikuwa imerudi juu kupitia mirija mpaka kwenye figo.

Ultrasaundi ikaonyesha hivyo hivyo, tezi dume gramu 95, mirija imetanuka, figo zote mbili zimejaa maji. Kipimo cha damu cha kreatinini, ambayo ni taka ambayo figo zinatakiwa kuiondoa kwenye damu, kwa mtu mzima kawaida haizidi sana 100 kwa vipimo vya kwetu, yake ilikuwa imepita 700. Potasiamu, madini ya kwenye damu, nayo imepanda, na potasiamu ikipanda sana moyo unaweza kusimama. Neno dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, likatajwa. Nilienda nje nikalia nyuma ya gari la wagonjwa nikarudi.

Akawekwa mpira wa mkojo. Mimi niko nje ya pazia, mdogo wangu yuko ndani. Wanapaka kwanza jeli ya ganzi, mpira unapitishwa taratibu mpaka kibofuni, ukifika wanajaza kiputo kidogo kwa ndani na maji safi mililita 10 hivi ili usichomoke. Nikasikia mkojo unadondokea kwenye mfuko, na baba anasema Alhamdulillah, Alhamdulillah, sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo. Ulijaa mfuko, nesi akaumwaga akapima, ukajaa tena. Ulipita lita mbili.

Sasa kuna kitu hapa watu wengi hawaambiwi. Usiku ule baba alikojoa lita kwa lita, mfuko unajaa kila baada ya muda mfupi, sisi tunashangilia kwamba figo zimefunguka. Nesi akatuambia msishangilie bado. Figo zilizobanwa muda mrefu zikifunguliwa ghafla zinamwaga maji na chumvi hovyo, bado hazijarudi kwenye akili ya kurudisha mwilini, na mzee anaweza kukaukiwa na presha ikaanguka. Ndo maana walikuwa wanapima mkojo kila saa wanaandika, na wanarudishia sehemu yake kwa dripu, na damu inapimwa mara kwa mara. Kama mgonjwa wako ametolewa mkojo mwingi namna hiyo halafu mtu anakwambia nendeni nyumbani leo leo na mpira, uliza kreatinini iko ngapi na nani atamwangalia usiku.

Kreatinini ikaanza kushuka. 700, 480, 300, mpaka ikagota kama 170 na haikushuka tena. Dayalisisi hatukuifikia. Lakini hiyo 170 ndo hasara ya ile miezi ya UTI sugu na unga wa stendi, vichujio vilivyokufa havioti upya.

Akaruhusiwa na mpira, kwamba apate nguvu kwanza kabla ya upasuaji. Maisha ya mpira nyumbani yana mambo yake. Mfuko lazima ukae chini ya usawa wa kibofu muda wote, ila usigusane na sakafu, sisi tuliutundika kwenye mbao ya ubavu wa kitanda. Akihama usiunyanyue juu ya kiuno chake hata kwa sekunde, mkojo unarudi ndani. Mpira unabandikwa pajani kwa plasta ili usivutike, na mtu asiuchomoe kwa nguvu hata siku moja kwa sababu ya kile kiputo, unachana njia yote. Sabuni ya kawaida na maji kila siku pale unapoingilia, basi, hayo madawa makali ya kusafishia achana nayo. Mkojo ukiacha kushuka angalia kwanza kama mpira umejikunja au mzee ameulalia kabla hamjakimbia. Ukiwa umenyooka na bado haushuki na tumbo linajaa, hiyo nendeni usiku huo huo. Homa na kutetemeka pia hakuna kusubiri asubuhi. Wakati mwingine kibofu kinakaza chenyewe kinaukataa mpira, mkojo unapita pembeni na mzee anaumia, inatisha ila kuna vidonge vya kukituliza. Na uulize tarehe ya kubadilisha, ule wa mpira wa kawaida ni wiki chache tu, wa silikoni unafika mpaka wiki 12. Tuliambiwa tuweke tarehe kwenye simu, tukaweka.

Kuhusu saratani, maana hilo ndo swali la kila ndugu aliyepiga simu. Kukua kwa tezi dume siyo saratani na hakugeuki kuwa saratani, ni vitu viwili tofauti ingawa mtu anaweza kuwa navyo vyote. Kipimo cha damu cha PSA kinasaidia kuangalia dalili za saratani ya tezi dume, lakini ukikipima mtu akiwa na UTI au ametoka kuwekewa mpira kinapanda chenyewe na kuwatia watu kiwewe bure. Bingwa wa mfumo wa mkojo alisema tusubiri wiki kadhaa, na kweli kilikuja cha kuridhisha, na ile nyama iliyotolewa baadae ilipelekwa maabara ikaonekana haina saratani.

Kuna vidonge, tamsulosini inalegeza misuli ya shingo ya kibofu na unaona matokeo ndani ya siku chache, finasteridi inaipunguza tezi yenyewe ila ni kazi ya miezi sita na kuendelea. Mzee anayewahi anaweza kuishi na vidonge tu miaka na miaka. Kwa baba ambaye figo zimeshaguswa akaambiwa ni upasuaji. Kwa tezi ndogo wanakwangua kupitia njia ya mkojo bila kupasua tumbo, yake kwa gramu zile na vifaa vilivyokuwepo ikawa ya kupasua chini ya kitovu, wanatoa nyama iliyoota kwa ndani na kuacha ganda. Ndugu tukatakiwa kuchangia damu, wapwa zake wakaja.

Pesa. Baba hakuwa na bima. Kulazwa mara mbili, vipimo, mipira, upasuaji, nauli za Muheza na kula ya wauguzaji, vyote vilipita milioni tatu na nusu. Tulifungua grupu la WhatsApp la ukoo, wengine walitoa laki, wengine elfu kumi, shamba moja likawekwa rehani kwa jirani na bado tunalikomboa. Vilivyokula zaidi siyo upasuaji, ni zile siku za kulazwa kwa ajili ya figo, ambazo kwa mtu aliyewahi hazipo kabisa.

Baada ya upasuaji anawekewa mpira wa njia tatu, moja ya kiputo, moja inaingiza maji ya chumvi, moja inatoa, ili kuosha damu isigande kibofuni. Yanatoka mekundu, baadae ya pinki, baadae meupe. Aliyekaa na mgonjwa kazi yake kubwa ni kutazama, maji yakiwa yanaingia na hayatoki ita nesi pale pale, ina maana bonge la damu limeziba. Ilitokea kwetu usiku, mdogo wangu aliona, nesi akavuta kwa bomba kubwa la sindano, bonge likatoka, yakaendelea.

Mpira ulipotolewa alilowa kwa wiki kadhaa, misuli inajifunza upya, akapewa mazoezi ya kukaza na kulegeza kama mtu anayekata mkojo katikati. Na daktari alikaa naye faragha akamweleza kwamba manii hayatatoka nje tena kama zamani, yanarudi kibofuni na kutoka na mkojo, hayana madhara. Muombeni daktari awaambie wazee wenu hili kabla ya upasuaji, akiligundua mwenyewe nyumbani anadhani ameharibiwa.

Sasa hivi anaamka mara moja usiku na amerudi safu ya kwanza. Kreatinini tunaipima kila baada ya miezi mitatu, presha ndo tunaiwinda zaidi kwa sababu ikipanda inamalizia vile vichujio vilivyobaki. Diklofenaki na dawa za maumivu za jamii hiyo hagusi tena kwa sababu ya figo, mgongo ukiuma ni panado. Pia tuliambiwa dawa nyingi za mafua zinakaza shingo ya kibofu au kukilegeza chenyewe, zinaweza kumfungia mkojo ghafla mzee mwenye tezi iliyokua, kwa hiyo yule kijana wa duka la dawa pale Muheza mama alimfuata mwenyewe akamwambia, mzee akija peke yake usimpe kitu mpaka unipigie.